Dodane isingojee mazishi

Maneno tuliyosema mbele ya wazazi, walimu, wakubwa wa kartie na motari wa mji wa Beni, katika uwanja wa shule moja ya msingi kando ya barabara ya Kasindi



Tunajua kuna wenye wamekuja wakijiuliza: hawa vijana wamekosa kazi? Hapa Beni tunazika watu waliokatwa na mapanga, mashamba yetu hayafikiki, na wao wanakuja kutuongelea dodane? Mama mmoja alituuliza hivyo jana sokoni, tena bila kucheka. Tulimjibu, na jibu tunalirudilia hapa. Mama, ile vita hatukuiacha. Tutaendelea kudai amani mpaka ifike. Lakini mtoto aliyekimbia kijiji chao akaja mjini kutafuta usalama, hatuwezi kukubali akanyagwe na kamyo mbele ya mlango wa shule. Na zaidi ya hapo: juu ya kujenga dodane hatuhitaji ndege, hatuhitaji silaha, wala hatuhitaji wakubwa wa nchi kwenda kukaa Nairobi. Inahitaji mchanga, simenti, rangi, na mtu mmoja mwenye cheo anayekubali kuweka saini.

Juma lililopita tulisimama kwenye mlango huu kila asubuhi. Kutoka mlango hadi ukingo wa barabara ni hatua tisa za mtu mzima. Ndani ya hizo hatua tisa kuna meza ya mandazi, kuna pikipiki zinazongoja wateja, na karibu kila siku kuna kamyo iliyosimama ikipakia mbao. Mtoto anatokea nyuma ya ile kamyo. Shofere hamwoni, na yeye haoni gari. Anakimbia juu ya kengele imeshalia na anaogopa kufungiwa nje. Saa sita ndiyo mbaya kuliko zote: wa asubuhi wanatoka, wa mangaribi wanaingia, wote kwa mlango mmoja. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyosema katika kifungu cha 43, shule zimejaa. Tulifurahi, na tunafurahi bado. Lakini waliofungua mlango kwa watoto wengi hivi hawakutazama nje ya mlango kuna nini.

Sasa tunaomba wanafunzi wawili washike kamba hii. Mmoja abaki hapa, mwingine aende mpaka kamba iishe. Mnaona amefika wapi? Karibu na ule mti wa avoka. Hizo ni mita 17. Gari inayokimbia kilometa 60 kwa saa inapita mita hizo katika sekunde moja. Na sekunde moja ni muda ambao shofere anahitaji ili macho yaone, kichwa kielewe, mguu ufike kwenye breki. Yaani gari imekula kamba yote na breki haijaanza kazi. Ikiwa gari inatembea kilometa 30, sekunde ileile inapita mita 8 tu. Mtoto aliye mwisho wa kamba, hapo anapona. Tunaposema mwendo, tunasema hii kamba.

Kuna watu wanaosema: wazazi wafundishe watoto wao kuvuka. Sawa, tuwafundishe. Lakini mtoto wa miaka sita au saba hajui bado kupima gari iko mbali kiasi gani na inakuja mbio kiasi gani. Hata umfundishe namna gani, akili hiyo inakuja na umri. Barabara ndiyo inapaswa kumzoea mtoto, juu ya mtoto hawezi kukua usiku mmoja kwa ajili ya barabara.

Na barabara yetu ina mambo yake. Makamyo yanayotoka Uganda yanapita Kasindi. Kule wanaendesha upande wa kushoto, hapa tunaendesha upande wa kuume, na shofere anabadilisha mkono mpakani akiwa amechoka. Tena basi ndogo nyingi tunazopanda zina volan ya kuume: zilitengenezwa kwa nchi za kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko upande wa kushoto. Hapa kwetu mlango huo unafunguka wapi? Katikati ya barabara. Mtoto anashuka mahali magari yanapishana. Tumelizoea jambo hili hata hatulioni tena. Tangu Kongo na Uganda zikubaliane mwaka 2021 kutengeneza barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilometa 80 hivi, tumeomba lami ifike upesi, na tunaiomba bado. Mashimo yalitutesa. Lakini mashimo yalikuwa pia dodane zetu, tukubali ukweli huo. Mahali lami inapofika, mwendo unafika nayo siku ileile. Alama za shule zinafika lini?

Katika mji huu, ukiuliza kwa nini dodane fulani iko pale ilipo, utajibiwa na jina la mtoto.

Sisi wenyewe mwaka jana tulibeba jeneza la msichana wa mwaka wa pili. Alikuwa amevuka tayari, akarudi kuokota kiatu. Hatutasema zaidi, mama yake yuko hapa kati yetu, na ametuomba tuongee juu ya barabara. Lakini tuseme yaliyofuata, juu ya hapo sisi vijana tuna deni. Tulichoma mipira. Tulifunga njia siku nzima. Kamyo iliwaka moto, na yule shofere angekufa kama polisi na wazee wawili wasingesimama mbele yake. Usiku ule wengine kati yetu tulichimba udongo tukalundika tuta katikati ya barabara, bila alama, bila rangi. Siku ya tatu motari akalipanda gizani, akavunjika mkono. Mvua ya mwezi uliofuata ililibeba tuta lote. Leo pale hakuna kitu. Hasira yetu yote, na hakuna kitu.

Baadaye tuliandika barua. Biro ya kwanza ilituambia: hii ni barabara ya taifa, haituhusu. Ya pili ikasema: hapo ni ndani ya mji, nendeni kwa wa mji. Ya tatu ilipokea barua, ikapiga kashe, na mpaka leo tunangoja. Basi tulisoma mambo yenyewe. Barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes, zile za mji chini ya OVD. Na kuna mfuko wa kutunza barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008, unaokula sehemu ya pesa ya kila litre ya mafuta. Ndugu motari, sikieni vizuri: kila mara unaponunua litre moja, umelipa barabara. Hatuombi zawadi, tunadai kazi iliyolipwa.

Barua ya leo ni moja, inakwenda kwa wote siku moja: meri, Office des Routes, OVD, FONER, na kamanda wa polisi wa rulaji. Kila mmoja ataona majina ya wengine juu, ili asipate mahali pa kututuma. Tunachodai si kingi. Dodane mbili, moja kila upande wa shule, zijengwe na watu wanaojua: mita 3,7 hivi za kupanda na kushuka, kimo kisichozidi sentimeta 10, zilizopakwa rangi, na alama mbele yake ili motari aione hata usiku. Dodane nzuri haivunji mtu mgongo, inamwambia tu apunguze. Tunadai kilometa 30 kwa saa mbele ya kila shule. Mwaka 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm wakasema mwendo huo ndio unaofaa mahali magari na watu wa miguu wanachanganyikana. Tunadai kamyo zisipakie tena kando ya mlango. Na rulaji wawili, asubuhi, saa sita na jioni. Wapo rond-point kutwa nzima, tunawaona. Nusu saa hapa mara tatu kwa siku haitaua rond-point.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Dar es Salaam, wanakoongea Kiswahili kama sisi, wamefanya hivyo shule kwa shule: dodane, njia ya miguu, vizuizi vidogo kando ya barabara. Kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya miji mwaka 2019, na vifaa vyake ni simenti na rangi.

Kuna sehemu yetu pia. Papa direkta amekubali kufungua mlango wa nyuma, ule unaoelekea avenue ndogo, kwa watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili. Ile meza ya mandazi itasogea hatua kumi, mama mwenyewe ndiye aliyependekeza. Na wazazi, tuache kupakiza watoto wanne kwenye pikipiki moja. Tunajua sababu ni franka. Lakini motari akikataa wa nne, msimtukane, juu ya leo tumemwomba akatae. Association yao imetuahidi kwamba motari atakayepita hapa mbio saa ya kengele atasimamishwa na wenzake. Tumewasikia mbele ya watu wote, tutawakumbusha mbele ya watu wote.

Kuanzia kesho kutwa, saa moja kamili asubuhi, watu wanne watasimama hapa na bendera nyekundu: mzazi mmoja kila upande, mwalimu mmoja, kijana mmoja wetu. Hatufungi njia, hatugusi gari ya mtu. Kazi yetu ni kuwavusha watoto kwa kundi. Orodha ya majuma matatu ya kwanza inabaki na nafasi saba.

Barua iko pale juu ya meza, chini ya jiwe, upepo usiibebe. Biki ziko mbili. Asiyejua kuandika ataweka kidole, wino upo. Mama wa yule mtoto ameomba awe wa kwanza, tumpishe.