Danieli Hakufunga Ili Akonde

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni mwezi wa Januari kwa wasikilizaji wa Kitale, Bungoma na sehemu za jirani

Kama chai iko mezani, endelea kunywa, kwa maana leo tutafika hata kwenye hicho kikombe.

Mwaka umeanza, na katika makanisa mengi ya kwetu, kutoka Kitale mjini mpaka Bungoma, watu wameingia katika kufunga na kuomba. Wengine wanafunga siku 3, wengine 7, na wengi siku 21, ambazo wameziita mfungo wa Danieli. Ni jambo jema, nami silipingi. Lakini tangu siku ya kwanza ya mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiojuana, nalo ni hili: "Mchungaji, huu mfungo utanipunguzia kilo ngapi?"

Swali hilo si la kuchekwa. Linastahili kujibiwa, na jibu lake tulitafute kwanza katika kitabu chenyewe cha Danieli.

Sura ya kwanza yatuambia kwamba Danieli na wenzake watatu walikataa chakula na divai ya mfalme wa Babeli, wakaomba wajaribiwe kwa siku 10 kwa mazao ya shamba na maji tu. Wengi wetu tunaijua habari mpaka hapo, kisha tunafunga kitabu. Hebu soma mstari wa 15. Baada ya siku zile 10, vijana hao walionekana wamenenepa kuliko wote waliokula mezani pa mfalme. Wamenenepa! Na yule mkuu wa matowashi, hofu yake ilikuwa nini? Aliogopa kwamba wakidhoofika, mfalme angemkata kichwa. Basi mtu anayemwendea Danieli ili amfundishe kukonda amebisha mlango usio wake. Zile siku 21 zimo katika sura ya 10, na huko Danieli alikuwa akiomboleza. Aliacha nyama, divai na chakula kitamu, wala hakujipaka mafuta. Habari ya kiuno haimo.

Je, nasema kwamba Mkristo asipunguze uzito? La, sivyo. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2014, kati ya wanawake watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uzito huo huleta shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, kiharusi na maumivu ya magoti. Sisi wachungaji tunaona matunda yake, kwa kuwa ndio tunaoitwa kuzika.

Tena yafaa tukumbuke tulikotoka. Kwa wazee wetu unene ulikuwa dalili ya baraka: mtu ana ghala, ana ng'ombe, mkewe anatunzwa. Halafu katika miaka ya 1980 ukaja ugonjwa ambao ndugu zetu ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliupa jina la Slim, kwa sababu uliwakondesha watu mpaka wakaisha. Tangu hapo, mtu akipungua kidogo, majirani walianza kunong'ona. Wako akina mama wa Bungoma waliokula kwa bidii ili wasisemwe. Sasa watoto wao wamesoma, wana simu, wanaona picha za wanawake wembamba wa mbali, nao wanawaambia mama zao kwamba unene ni aibu. Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, nilipokuwa mwembamba mlinionea huruma, nimenenepa mnanicheka, sasa niende wapi?" Sikuona kwamba alikuwa anatania.

Njia ya kwanza ni kujua ukweli kwa kipimo, si kwa maneno ya watu. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu hilo uligawanye tena kwa urefu uleule. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 80 atapata kama 31. Madaktari wanasema mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 25, uzito wake ni wa kufaa. Akipita 25 umezidi. Akifika 30 huo ni unene wa hatari. Kwa hiyo mtu wa urefu huo angefaa kuwa kati ya kilo 47 na 64. Chukua pia utepe wa fundi cherehani uzungushe kiunoni. Mwanamke akipita sentimita 80, na mwanamume 94, ni onyo, kwa maana mafuta ya tumboni ndiyo mabaya kuliko mengine. (Ndugu zangu wa KAMA, msifikiri mazungumzo haya ni ya akina mama peke yao. Nimewaona mkifunga mishipi chini ya tumbo.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Si zamani sana, katika mkesha mmoja wa maombi, alikuwako mama wa miaka hamsini na kitu mwenye ugonjwa wa sukari. Alikuwa anafunga, na rohoni alikuwa na makusudi mawili: kumwomba Mungu, na kupungua kabla ya arusi ya mwanawe. Asubuhi alimeza vidonge vyake kama kawaida. Hakula kitu mchana kutwa. Ilipofika saa mbili usiku alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akasema maneno yasiyoeleweka. Watu waliokuwa karibu walidhani ni mambo ya roho, wakapaza sauti za maombi. Kwa neema ya Mungu alikuwako muuguzi, akapita katikati ya watu akasema, "Huyu sukari imeshuka, leteni maji ya sukari upesi." Alikuwa bado anaweza kumeza. Alikunywa, akapelekwa hospitali, akapona. Lau angelala usingizi ule wa kuzimia akaachwa mpaka asubuhi, tungekuwa tunasema habari nyingine.

Angalia lililotukia. Ile dawa kazi yake ni kushusha sukari katika damu. Isipokuta chakula, itashusha ileile kidogo iliyobaki, na ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Anayejidunga insulini, na anayemeza vidonge kama glibenklamidi, hawa wawili wako katika hatari kubwa. Tena wako wanaofanya kinyume: wanaacha dawa kabisa kwa sababu wanafunga, na sukari inapanda mpaka damu inakuwa kama sumu. Njia zote mbili zaweza kuua. Vivyo hivyo mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa za kifua kikuu, asiingie katika mfungo mrefu bila kusema na daktari wake. Wala pasiwe na mtumishi wa Mungu anayemwambia mgonjwa kwamba hiyo ni imani haba. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, tuliona mafundisho ya njaa yalipowafikisha watu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na watoto wakiwamo. Baada ya hayo, kila anayetangaza mfungo hana budi kuuliza kwanza: kuna nani mgonjwa hapa?

Zipo na njia nyingine za mkato, ambazo hazikuja kwa jina la Danieli. Ukipanda gari Kitale kwenda Webuye, kabla hujafika Kiminini utakuwa umekwisha kuuziwa chai ya kukonda. Nyingi za chai hizo zina majani ya sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mtu anaharisha, mizani inashuka, anafurahi. Kumbe kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, na mafuta yake yamekaa palepale. Zikipotea chumvi nyingi, moyo waweza kupiga vibaya. Na vidonge vinavyosemwa kuwa ni vya mitishamba mitupu vina siri zao. Iko dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa madukani Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilileta shida za moyo na kiharusi. Tangu wakati huo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge na kahawa za kukonda. Sindano mpya za kupunguza uzito ni dawa za kweli, lakini ni za kuandikiwa na daktari anayekufuatilia, si za kununuliwa kwa mtu wa njiani.

Wengine wanaacha ugali, mchele na viazi mara moja, wanakula nyama na mafuta tu. Juma la kwanza wanapoteza kilo 3 wanashangilia. Lakini mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji mengi. Akiba ikitumika, maji yale hutoka. Siku ukirudia sahani ya ugali, maji yanarudi na kilo zinarudi. Na mtu akipungua haraka mno kwa kujinyima sana, aweza kupata mawe katika nyongo.

Kuna jambo lililofanyika Marekani ambalo Marafiki wa Lugulu watapenda kulisikia. Mwaka 1944, wakati wa vita, vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, wengi wao wa makanisa ya amani kama Marafiki na Wamenoni, walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota washindishwe njaa kwa kipimo, ili madaktari wajue jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vikiisha. Kwa miezi 6 walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini sikia yaliyofuata: walikasirika upesi, walihisi baridi, walihuzunika, na mawazo yao yote yakawa chakula. Vijana waliokuwa wacha Mungu walikaa wakisoma vitabu vya mapishi! Na walipofunguliwa, walikula bila kushiba, na wengi walipata mafuta kuliko waliyokuwa nayo mwanzo. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili. Ukiuonyesha njaa, unajitetea.

Basi tufanye nini? Yako mambo madogo ambayo hayauzwi na mtu.

Tuanze na hicho kikombe chako. Tuseme unaweka vijiko 3 vya sukari, na kwa siku unakunywa vikombe 5. Hivyo ni vijiko 15, gramu 60 hivi. Kwa mwezi umekula karibu kilo 2 za sukari katika chai peke yake, kabla hujahesabu soda, ambayo chupa ya mililita 300 ina gramu zipatazo 30. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na likiona afadhali iwe nusu ya hapo. Punguza kijiko kimoja juma hili, na kingine mwezi ujao. Ulimi utazoea.

Sahani nayo tuigeuze. Sisi wa nchi ya mahindi tumezoea mlima wa ugali na mboga kando kama mapambo. Acha nusu ya sahani iwe mnavu, saga, mrenda au kunde, robo iwe ugali, robo iwe maharagwe, samaki au kuku. Mboga hizo bibi zetu walizichuma bure nyuma ya nyumba, na leo tunazidharau tukakimbilia chipsi. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye mtungi. Na kutembea: huko Marekani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari walifundishwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa juma. Hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kama kilo 6. Nusu kilo kwa juma yatosha. Hakuna arusi wala mizani ya kukimbizana nayo.

Lakini ukiona unakonda bila kujaribu, usishukuru tu. Nenda ukapimwe.

Na mama yule aliyeniuliza aende wapi, nilimwambia aje kwetu. Akina mama wa kanisa hilo sasa hutembea pamoja jioni mbili kwa juma, wakiimba, wanene kwa wembamba, wala hapana anayemcheka mwenzake.

Wewe uliyejiandikisha kwa siku 21 na una kadi ya kliniki ya sukari au ya presha, leo, kabla ya jua kutua, ichukue kadi hiyo uende zahanati, umwulize daktari au muuguzi: nifunge au nisifunge, na dawa nizimeze saa ngapi? Akikukataza, usione haya mbele ya wenzako. Mwambie mchungaji wako. Kula chakula chako kwa wakati, na ile soda uliyozoea kununua kila siku iache. Fedha zake zipelekee nyumba ambayo hawajapika.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma Isaya 58 kuanzia mstari wa 6. Uwe na Biblia yako karibu. Bwana awe nanyi.