Teke la Mama Majini Huanzia Kwenye Nyonga

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuyaweke kando mambo ya chanjo na uji wa mtoto, tuzungumze juu ya miguu yako wewe mwenyewe ikiwa majini.

Nianze na kisa changu. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, mwanangu akiwa darasa la pili. Siku moja kwenye kidimbwi cha kuogelea, mtoto aliteleza akaingia upande wenye kina. Kati yetu palikuwa na mita kama 10 tu. Nilijitupa kifudifudi kwa mtindo huru, mkono mmoja baada ya mwingine, nikapiga maji kwa miguu kwa nguvu zangu zote. Maji yaliruka juu, lakini mimi nilisogea kama kobe. Mwalimu ndiye aliyemfikia kwanza. Mtoto alitoka salama, ila mimi usiku huo sikupata usingizi. Nguvu nilikuwa nazo. Je, kosa lilikuwa wapi?

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye magoti. Wengi wetu tuliojifunza ukubwani hupiga teke kama tunaoendesha baiskeli. Goti likikunjwa sana, paja husukumwa mbele na kuyazuia maji kama breki. Teke la kasi huanzia kwenye nyonga. Paja lisukume, goti lilegee kidogo tu, na wayo umalizie kama mkia wa samaki. Miguu isiachane sana. Nafasi kama urefu wa rula ya shule, sentimita 30, yatosha. Teke liwe dogo na la haraka. Waogeleaji wa mbio fupi hupiga mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili.

Kosa la pili ni kifundo kigumu. Viatu, kukaa sana na hata kukimbia barabarani hukaza vifundo vyetu. Wayo usiponyooka hulima maji kama jembe. Dawa yake iko nyumbani. Piga magoti juu ya mkeka, nyayo zikitazama juu, kisha kalia visigino polepole. Hesabu hadi 20, pumzika, rudia mara tatu. Ukisikia maumivu ya goti, acha. Badala yake, kaa kwenye kiti na uzungushe wayo kila upande mara 10.

Kosa la tatu ni kuinua kichwa. Kichwa kikipanda, miguu huzama. Tazama chini, na ugeuze uso kando unapotaka kuvuta pumzi.

Sasa twende majini. Shika ukingo wa kidimbwi, nyoosha mwili, upige teke polepole ukisikia nyonga ikifanya kazi. Visigino viguse tu uso wa maji. Yaonekane kama maji yanayochemka, yasiruke hadi kwa jirani. Kisha lala chali upige teke. Magoti yakichomoza nje ya maji, ujue umerudi kwenye baiskeli. Mwisho, shika ubao wa kuogelea, uende kwa kasi nusu ya kidimbwi cha mita 25. Pumzika hadi pumzi itulie, kisha urudie mara nne. Misuli ya mapaja ni mikubwa na hula hewa nyingi, ndiyo maana kasi hii ni ya mwendo mfupi.

Huenda unajiambia, "Mimi nimezaa, umri wangu umepita." Mwaka 2008 kule Beijing, Dara Torres wa Marekani, mama wa binti wa miaka miwili, alipata medali ya fedha katika mita 50 mtindo huru. Alikuwa na miaka 41, na aliachwa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Sisi hatutafuti medali, mama. Lakini mwili wa mtu mzima bado hujifunza.

Tahadhari nazo ni muhimu. Ikiwa umejifungua karibuni, subiri damu ikome na kidonda kipone, na uulize kliniki kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kifafa amwone daktari kabla ya kuanza. Usiogelee peke yako. Misuli ya mguu ikikaza, shika ukingo, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako.

Na hili ulishike zaidi ya yote: hakuna teke linaloshinda jicho la mama. Mtoto mdogo akiwa majini, awe mahali mkono wako unapomfikia. Mtu akizidiwa na maji, piga kelele, mrushie boya au dumu tupu lililofungwa vizuri. Usijitose ikiwa hukufunzwa kuokoa, maana tunaweza kuwapoteza wawili.

Leo hii mita 10 zile nazivuka bila wasiwasi. Hata hivyo, siku hizi mwanangu akiogelea, mimi husimama karibu naye.

Basi jioni ya leo, tandika mkeka uanze na vifundo. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Kwaheri.