Fizi Zinazotoka Damu na Sukari Isiyoshuka
(Mazungumzo ya Kamati ya Afya katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Habari za hisa na marejesho mmeshazisikia. Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa dakika chache, tukaona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulitema asubuhi pamoja na povu la mswaki, nalo ni damu ya fizi.

Jamani, fizi yenye afya haitoki damu. Tumezoea kusema mswaki ni mgumu, au ni utu uzima. Mara nyingi sivyo. Ukoga usiposuguliwa hujikusanya penye shina la jino, hugeuka mgumu kama jiwe, na vijidudu huingia chini ya fizi. Fizi huvimba, mdomo hunuka, pengine usaha hutoka. Mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo mpaka jino linacheza. Kwa kuwa hali hii mara nyingi haiumi mwanzoni, tunachelewa.

Kwa mwenye kisukari jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 1993 mtaalamu Harald Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi ni madhara ya sita ya kisukari, pamoja na yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda vigumu kupona. Sukari ikiwa juu, mwili hushindwa kupigana na vijidudu sawasawa. Upande wa pili, fizi iliyovimba ni kidonda kilichojificha, na kemikali za uvimbe huo huingia kwenye damu zikazuia insulini kufanya kazi yake. Ni kama wanachama wawili waliodhaminiana: mmoja akishindwa marejesho, humvuta na mwenzake.

Basi, je, fizi zikitibiwa sukari itashuka? Hapa tuseme kweli, maana wataalamu wenyewe walivutana. Hupima kwa kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho kikifika 6.5 ni kisukari. Mwaka 2013 huko Marekani walitoa matokeo ya watu 514. Baada ya miezi sita, waliotibiwa fizi hawakuwa na nafuu ya sukari kuliko wengine. Mwaka 2018 wataalamu wa London walitoa ya watu 264. Makundi yote mawili yalianza na wastani wa 8.1. Baada ya mwaka mmoja, waliotibiwa fizi kwa kina walikuwa 7.8, na waliosafishwa juu juu tu walikuwa 8.3. Mwaka 2022 yakajumlishwa majaribio 35 yenye watu zaidi ya 3,000, ikaonekana kwamba matibabu ya fizi hushusha kipimo hicho kwa kama 0.4 katika miezi mitatu hadi minne.

Hiyo si ndogo, wala si muujiza. Ni kama akiba yetu ya kila wiki: haikujengei nyumba kwa siku moja, lakini ukiiacha utaona pengo. Kwa hiyo mtu asiache vidonge wala insulini kwa sababu amesafishwa fizi.

Matibabu yenyewe ni daktari wa meno kukwangua ukoga mgumu juu na chini ya fizi, na kurudi kwake kila anapokuita. Kung'oa ni hatua ya mwisho. Siku ya kwenda, mwambie una kisukari, na usiende na njaa baada ya kutumia dawa, sukari isije ikashuka ghafla. Nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiruke ule wa kabla ya kulala. Safisha na katikati ya meno. Sigara na ugoro tuviache. Na mwanachama mwenye fizi mbovu ambaye hajawahi kupimwa sukari, akapime.

Akina mama, tunasisitiza haya kwa sababu mwenye kisukari akipoteza magego hawezi kutafuna mboga na maharage. Anabaki na uji na mkate laini, navyo ndivyo vinavyopandisha sukari upesi.

Ombi letu kwa mkutano ni hili. Mfuko wa jamii hutusaidia mtu akilazwa au akifiwa. Tunaomba mkopo wa dharura umruhusu pia mwanachama mwenye kisukari kwenda kutibiwa fizi mapema, kabla hajaja kuomba fedha za kung'oa meno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tunajua bei yake.