Mpira wa Matambara

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za michezo ya watoto wa Masasi na Newala.

Neno mpira lina maana zaidi ya moja: ni kitu cha kuchezea, tena ni utomvu ulioganda wa mmea utambaao msituni. Katika karne ya 19 wazee wa nyanda za Makonde waligema utomvu huo wakauuza pwani. Basi mpira si mgeni kwetu, wala hautaki fedha. Matambara yaliyokazwa kwa kamba za mgomba yatosha.

Tutazameni rede. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na wa tatu hukaa kati, akiukwepa huku akijaza mchanga chupani. Akipigwa, hutoka; chupa ikijaa, ameshinda. Hapo mtoto hujifunza wepesi wa macho, na kukubali kushindwa pasipo ugomvi.

Lakini mara nyingi jioni wavulana huenda uwanjani, nao wasichana hutumwa maji. Kwa miaka mingi maji ya Newala yalitekwa mbali, chini mabondeni. Enyi wazazi, wagawieni watoto wote kazi sawasawa, ili wote wapate saa ya kucheza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.