DAFTARI LAKO NI MALI

(Mazungumzo na wanakisomo wa Bombambili, Songea)



Leo hatukuja na somo la herufi. Herufi mnazijua. Tumekuja kuuliza jambo moja: hiyo kalamu mliyoipata kwa taabu, je, inawaletea faida nyumbani? Kisomo chenye manufaa ni kile kinacholinda jasho lako. Basi tuzungumze habari ya kodi, akiba na uzee.

Kwanza, kodi. Wazee wanaikumbuka kodi ya maendeleo. Mtu alidaiwa hata kama mwaka ule hakuvuna kitu. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Siku hizi mwenye biashara ndogo hutozwa kwa kufuata mauzo yake ya mwaka. Hapo ndipo daftari linapoingia.

Tuchukue mfano wa mama muuza maharage. Kwa mwaka ameuza maharage ya shilingi 5,000,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi 4,000,000 hayatozwi kodi ya mapato. Yakizidi hapo mpaka 7,000,000, asiye na kumbukumbu kamili hutozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Mama yetu amezidisha 1,000,000. Asilimia 3 yake ni 30,000. Mmeona? Shilingi 70,000 zimebaki mkononi mwake kwa sababu anaandika! Lakini viwango huweza kubadilishwa na Bunge. Kwa hiyo ulizeni kwanza ofisi ya TRA. Na ukilipa, dai risiti, isome palepale, kisha itunze.

Pili, akiba. Wengi wetu husema, "Nitaweka kitakachobaki." Haya, kimebaki lini? Weka kwanza, ndipo utumie. Shilingi 1,000 kila wiki ni 52,000 kwa mwaka. Hiyo ni fedha ya daftari na sare za mtoto. Mahindi nayo ni akiba. Ukiyauza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, mwezi wa pili utayanunua tena kwa bei ya juu. Pima kwanza chakula cha nyumbani, uandike magunia mangapi, ndipo uuze ziada.

Walio katika vikundi vya kuweka na kukopa, sikilizeni vizuri. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu tofauti. Fedha zihesabiwe mbele ya wote. Kila mwanachama asome daftari lake mwenyewe kabla ya kuondoka. Usikubali kuambiwa, "Hesabu ipo, usiwe na wasiwasi." Ipo wapi? Ionyeshwe! Tena, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe. Nendeni mkaulize halmashauri.

Tatu, uzee. Mtu akiulizwa habari ya pensheni, hujibu, "Pensheni yangu ni watoto." Ni kweli, watoto ni baraka. Lakini nao watakuwa na watoto wao wa kusomesha. Si haki kuwatwika mzigo wote.

Zamani mfuko wa akiba ya uzee ulikuwa wa wenye mishahara tu. Leo mkulima, fundi au mchuuzi anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari yake. Ili kupata pensheni ya uzeeni, kwa kawaida mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Gawanyeni kwa 12. Ni miaka 15. Basi anayeanza akiwa na miaka 45 atatimiza akiwa na 60. Anayesubiri mpaka 55, je? Pigeni hesabu wenyewe. Ukichangia, tunza namba yako ya uanachama, na uhakikishe kila mchango umeandikwa.

Ndugu wanakisomo, kazi ya nyumbani ni hii. Leo usiku chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika fedha zilizoingia, upande wa pili zilizotoka. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja. Mume na mke msome pamoja, maana fedha inayofichwa ndani ya nyumba haijengi nyumba. Tukikutana tena, kila mmoja aje na daftari lake, tujadiliane.

Haba na haba hujaza kibaba.