KWA NINI MTOTO ATAKA KUWA DAKTARI

(Maneno aliyoyasema Sheikh mbele ya wazazi na wanafunzi, Kamembe, Rusizi)

 



Mwaka huu alinijia mzee mmoja, mfanya biashara wa hapa mjini, pamoja na binti yake aliyepata kusoma kwangu madrasa. Binti ataka kuchukua masomo ya sayansi apate kuwa daktari. Baba hataki. Aliniambia: “Sheikh, mkanye. Mwaka 2024 ulipokuja ugonjwa wa Marburg, waliougua wengi si walikuwa hao hao waganga na wauguzi? Nimtoe mwanangu nimpeleke huko?”

Hoja yake si ya upuuzi. Ugonjwa ule ulitangazwa nchini kwetu tarehe 27 Septemba 2024, na hata ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamekufa, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya. Baba anayeiogopea roho ya mwanawe halaumiwi.

Nikamwuliza binti: “Kwa nini wataka kazi hii?” Akajibu kuwa daktari hupata heshima na mshahara mzuri. Nikamwambia: “Binti yangu, jibu hilo halitoshi. Heshima na mshahara havitakuweka kando ya kitanda siku ambayo mgonjwa anaweza kukuua. Nenda ukafikiri.”

Alirudi baada ya siku tatu, akasema kwa sauti ndogo: “Sheikh, mama yangu humficha daktari maradhi yake, kwa kuwa daktari ni mwanamume. Nataka awepo mtu ambaye mama aweza kumwambia.”

Mabibi na Mabwana, maneno yale yalinichoma, nami nitawaeleza sababu. Katika miaka ya 1980, nikiwa kijana, dada yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wazee wetu wakasema asionwe na mwanamume. Siku mbili tukangoja. Siku ya tatu tukampandisha katika ingobyi, machela yetu ya Kinyarwanda, tukashuka naye mlimani, nami nikiwa mmoja wa wachukuzi. Hatukufika naye akiwa hai. Sharia haikutuamuru vile. Pasipo daktari mwanamke, dharura humruhusu mwanamume kumtibu mwanamke. Sisi tulichanganya haya na ujinga, tukadhani ni dini.

Basi nikamgeukia mzee nikamwambia aliyoyaandika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya. Yeye aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakiwapo wa kuitenda, wengine wamesamehewa, wasipokuwapo, mji mzima wabeba dhambi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya fikihi, wakaiacha tiba kwa wengine. Nikamkumbusha pia Bibi Rufaida, aliyewauguza majeruhi wa vita vya Khandaki katika hema lililopigwa msikitini kwa Mtume.

Sisi Waislamu wa Rwanda tulichelewa, na sababu yajulikana. Zamani za Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee walichelea mtoto aingie Abdallah atoke na jina jingine. Tukashika biashara na udereva. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, udaktari ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo, lakini watoto wetu wangapi walikuwa tayari kuingia? Leo udhuru huo umekwisha. Shule zi wazi, na tangu mwaka 2023 Serikali imeanza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema: “Nitamwacha aende. Lakini hofu yangu haikutoka.” Nikamjibu: “Wala sikukuomba uitoe. Mtume alitufundisha tusiingie penye tauni wala tusitoke humo. Basi hadhari ni ibada. Naye atafundishwa kuvaa glavu, kunawa na kumtenga mgonjwa, apate kuokoa watu pasipo kujiangamiza.”

Wazazi wangu, dua peke yake haitamfikisha. Masomo ya udaktari ni miaka mingi, na mwenye duka dogo hawezi kuyabeba peke yake. Naomba jumuiya yetu itenge fungu kwa ajili ya watoto kama huyu, na wasichana wasiwekwe nyuma.

Nanyi wanafunzi, kila mmoja ajiulize kama nilivyomwuliza binti yule, wala asiridhike na jibu la kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu dada yangu, na wote waliokufa wakiwauguza wenzao. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.