Makisio ya Fedha za Mji na Sauti ya Wakaaji

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeagizwa na Halmashauri ya chama tuseme machache juu ya makisio ya fedha za mji. Twaomba radhi mapema, kwa kuwa jambo lenyewe ni kavu. Lakini mtaro ulio nyuma ya soko haukuwa mkavu mwezi wa Aprili, na wengi wenu mlikesha mkichota maji vyumbani kwa ndoo.

Habari ya mtaro huo yafaa isemwe kama ilivyo. Mwezi wa Mei tulikwenda mkutanoni, barua mkononi, tukakuta hesabu zimekwisha pangwa na kupigwa chapa. Tulisikilizwa kwa adabu, tukapewa chai (nayo ilikuwa nzuri), tukarudi. Mtu mmoja wa pale alitunong'oneza kwamba tumefika wakati sahani zaoshwa. Siku ile tulikasirika. Leo twakiri kwamba alisema kweli.

Tazameni mji wa Porto Alegre, kule Brazili. Mwaka 1989, Olívio Dutra alipoingia umeya, serikali ya mji ilianza kuwaita wakaaji wapange pamoja nayo fedha za ujenzi. Mji uligawanywa sehemu 16. Kila mwaka, kabla ya watu kuomba lolote, walipewa kwanza hesabu ya yale waliyoyaagiza mwaka uliotangulia. Kisha kila sehemu ilitaja haja zake kwa daraja: maji, mifereji, barabara, nyumba. Idadi ya wajumbe ilitegemea idadi ya waliohudhuria. Basi aliyebaki nyumbani alipunguza sauti ya jirani yake. Na sehemu yenye upungufu mkubwa ilipewa uzito zaidi katika mgawo. Hili la mwisho latupendeza kuliko yote, maana kwa desturi ya dunia mwenye barabara ndiye huongezwa barabara.

Hatusemi kwamba mji ule ulikuwa pepo. Mpango ulififia, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Haukuwa umetiwa katika sheria, hivyo ulitegemea moyo wa mwenye kutawala.

Sisi tunayo sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imetaja na tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya kupita tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya kupita 28 Februari, na makisio yenyewe kabla ya kupita 30 Aprili. Hesabuni wenyewe tulichelewa miezi mingapi.

Kwa hiyo Halmashauri imeazimia kwamba mwaka huu barua yetu ifike mwezi wa Julai, ikiwa na urefu wa mtaro uliopimwa na idadi ya nyumba zilizoingiwa na maji. Wanahitajiwa wanachama sita wa kuipeleka na kuifuata hadi makisio yapitishwe, na watatu kati yao wawe akina mama, kwa kuwa ndio walioshika ndoo. Nauli italipwa na mfuko wa chama. Bwana Mweka Hazina ameketi karibu na mlango. Ataandika majina kabla hatujatawanyika.